Ioni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu atomi zinazopoteza na kupata elektroni

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa kidato cha pili wanaokutana na ioni kwa mara ya kwanza, na wazazi wanaobanwa na kazi za nyumbani za watoto wao. Machache ni ya watu wazima waliomaliza shule zamani, ila bado jambo fulani linawakereketa. Mfano utakaojirudia zaidi ni chumvi ya mezani, yaani sodiamu na klorini, kwa sababu ukiielewa chumvi vizuri umeelewa karibu nusu ya mada nzima.

Ioni ni nini hasa?

Ni atomi, au kundi la atomi zilizoshikamana, ambayo idadi ya elektroni zake hailingani na idadi ya protoni zake. Hakuna zaidi ya hapo.

Sodiamu ina protoni 11 kwenye kiini na elektroni 11 zinazokizunguka. Chanya 11 na hasi 11 zinafutana, kwa hiyo atomi nzima haina chaji. Ikiondolewa elektroni moja, protoni zinabaki zilezile 11, elektroni zinakuwa 10, na chanya moja inakosa wa kuifuta. Ndiyo Na⁺. Klorini ina protoni 17. Ikiongezewa elektroni moja inakuwa na elektroni 18, hasi moja inazidi, na tunaandika Cl⁻. Ioni chanya huitwa kationi, ioni hasi huitwa anioni.

Anayeanza huteleza palepale: "imepoteza, sasa mbona imekuwa chanya?" Kwa sababu kilichopotea ni kitu hasi. Usiangalie neno "kupoteza", hesabu protoni na elektroni zilizobaki.

Kwa nini elektroni ndizo zinazohama? Protoni haziwezi kutoka?

Zinatoka, lakini si kwenye moto wa jiko wala kwenye chupa ya maabara. Kung'oa elektroni ya nje ya sodiamu kunahitaji nishati ya elektronivolti 5.14. Protoni na nyutroni ndani ya kiini zimeshikana kwa nishati ya takriban elektronivolti milioni 8 kwa kila moja. Tofauti hiyo inazidi mara milioni. Ndiyo maana kemia yote, kuanzia kutu hadi mmeng'enyo wa ugali tumboni, ni mambo ya elektroni, na kiini kinabaki kilivyo. Ukibadilisha idadi ya protoni umebadilisha elementi yenyewe, na hapo umeshaingia kwenye fizikia ya nyuklia.

Nitajuaje atomi itapoteza elektroni ngapi?

Angalia maganda, yaani ngazi ambazo elektroni hukaa kuzunguka kiini, kuanzia ndani kwenda nje. Elektroni 11 za sodiamu zimepangwa 2:8:1. Ile moja ya ganda la tatu iko mbali na kiini, na zile kumi za ndani zinaikinga isivutwe kwa nguvu zote za protoni 11. Zilizo ndani hazina kinga ya namna hiyo.

Haya si maneno ya kukariri tu, yamepimwa. Kuondoa elektroni ya kwanza ya sodiamu kunagharimu kilojuli 496 kwa moli, na moli moja ya sodiamu ni gramu 23 hivi. Elektroni ya pili inagharimu kilojuli 4,562. Imepanda ghafla zaidi ya mara tisa, kwa sababu sasa unavunja ganda la ndani. Linganisha na magnesi, iliyopangwa 2:8:2. Ya kwanza ni kilojuli 738, ya pili 1,451, ya tatu 7,733. Ukuta uko baada ya mbili. Alumini, 2:8:3, ukuta wake uko baada ya tatu. Mtu ambaye hajawahi kusikia habari za maganda angeweza kuyagundua kwa kutazama tarakimu hizi peke yake, na kwa maoni yangu wanafunzi wangeonyeshwa tarakimu kabla ya kuonyeshwa ile michoro ya duara zenye nukta.

Upande wa pili wa jedwali la elementi mambo yanageuka. Klorini ni 2:8:7, ina nafasi moja kwenye ganda la nje na kiini chenye protoni 17 kinachovuta kwa nguvu. Oksijeni, 2:6, ina nafasi mbili. Naitrojeni, 2:5, ina tatu. Kwa jumla metali hupoteza, simetali hupata.

Je, ni kweli kwamba sodiamu "inataka" kutoa elektroni ili iwe imara?

Hapa tutakaa kidogo, maana sentensi hiyo imeandikwa kwenye madaftari mengi mno na ina kasoro.

Rudi kwenye ile kilojuli 496. Ni nishati unayotoa wewe. Atomi ya sodiamu iliyo peke yake hewani haitoi elektroni kwa hiari, inanyang'anywa, na anayenyang'anya analipia. Kama kutoa elektroni kungekuwa kunaipa sodiamu utulivu wa papo hapo, nishati ingetoka, isingeingia.

Utasema klorini ndiyo inayolipa. Klorini ikipokea elektroni inatoa kilojuli 349 kwa moli. Sawa, lakini 349 ni ndogo kuliko 496. Bado kuna pengo la kilojuli 147. Na hapo tumezihesabu atomi zilizo peke yake, wakati sodiamu halisi ni kipande cha metali ambacho lazima kwanza kitenganishwe kiwe atomi mojamoja (kilojuli 107), na klorini halisi ni gesi ya atomi mbilimbili ambazo lazima ziachanishwe (kilojuli 121 kwa kila moli ya atomi). Jumla ya deni: 107 na 121 na 496, toa 349. Tunadaiwa kilojuli 375.

Deni hilo linalipwa na fuwele, yaani ioni zilizojipanga kwa mpangilio unaojirudia. Ioni za Na⁺ na Cl⁻ zikishapatikana zinavutana, na hazivutani mbilimbili tu. Katika chembe ya chumvi kila Na⁺ imezungukwa na Cl⁻ sita, na kila Cl⁻ imezungukwa na Na⁺ sita, mpangilio unaoendelea kila upande hadi ukingo wa chembe. Kujipanga huko kunatoa takriban kilojuli 787 kwa moli. Lipa 375 zinazodaiwa, zinabaki kilojuli 412 hivi, na ndizo zinazotoka kama joto na mwanga sodiamu inapowaka ndani ya klorini.

Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini sodiamu hupoteza elektroni mbele ya klorini, jibu haliko ndani ya sodiamu peke yake. Liko kwenye hesabu nzima, na mlipaji mkubwa ni mvutano wa ioni zilizojipanga.

Kama ya pili ni ghali zaidi, kwa nini magnesi haitoi moja tu ikaishia hapo?

Swali zuri, na linajibiwa na hesabu ileile. Kuondoa elektroni mbili za magnesi kunagharimu 738 na 1,451, jumla kilojuli 2,189. Lakini mvutano unategemea kuzidishwa kwa chaji. Mg²⁺ ikikaa karibu na O²⁻ ni mbili mara mbili, mvutano mara nne ya ule wa moja na moja kwa umbali uleule, na ioni hizi ni ndogo kwa hiyo umbali wenyewe ni mfupi. Fuwele ya oksidi ya magnesi inatoa takriban kilojuli 3,800 kwa moli. Gharama inafidiwa na kupita.

Oksijeni nayo ina kituko chake. Elektroni ya kwanza inaipokea na kutoa nishati, kilojuli 141. Ya pili inakataa: O⁻ tayari ni hasi, na kuisukumia elektroni nyingine hasi kunadai nishati nyingi. Ioni ya O²⁻ haiwezi kukaa peke yake hewani, itaitema ile elektroni ya pili. Inaishi ndani ya fuwele tu, ikiwa imeshikwa na kationi pande zote. Mwalimu akichora oksijeni inameza elektroni mbili kwa furaha, muulize hili kwa adabu.

Uthabiti wa fuwele hizi unaonekana zinapopashwa moto. Chumvi ya mezani huyeyuka kwa moto kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Oksidi ya magnesi inavuka 2,800, na ndiyo maana hutumika kutengeneza matofali ya tanuri.

Kwa hiyo ile kanuni ya elektroni nane ni uongo?

Kanuni hiyo husema atomi hupoteza au hupata elektroni hadi ganda la nje liwe na nane. Si uongo. Ni njia ya mkato inayofanya kazi vizuri kwa elementi za pembeni mwa jedwali na kuvurugika katikati. Chuma, 2:8:14:2, hutoa Fe²⁺ yenye 2:8:14 na Fe³⁺ yenye 2:8:13. Hakuna nane ya nje hapo, na zote mbili zipo kwa wingi, moja yao ikifanya kazi ndani ya damu yako sasa hivi. Shaba hutoa Cu⁺ na Cu²⁺.

Gesi bwete nazo, yaani neoni, zenoni na wenzao, ambazo ndizo zilizodaiwa kuwa mfano wa ukamilifu, zilivuliwa heshima hiyo mwaka 1962. Neil Bartlett, akiwa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, alikuwa ametengeneza kampaundi ambamo molekuli ya oksijeni imenyang'anywa elektroni na floridi ya platini ikawa O₂⁺. Akatazama tarakimu: kuing'oa elektroni molekuli ya oksijeni kunagharimu kilojuli 1,175 hivi kwa moli, na kuing'oa atomi ya zenoni kunagharimu 1,170. Kama ya kwanza imewezekana, ya pili inazuiwa na nini? Akachanganya zenoni na floridi ileile ya platini, na kampaundi ya zenoni ikapatikana. Hakuanza na kanuni ya nane. Alianza na gharama.

Na⁺ ina elektroni 10 kama neoni. Je, imegeuka neoni?

Hapana. Neoni ina protoni 10, Na⁺ ina 11. Mpangilio wa elektroni ni mmoja, 2:8, lakini kiini kinachozivuta ni kingine, na chaji ipo. Neoni ni gesi isiyojali mtu. Na⁺ inavutwa na kila kitu chenye hasi.

Ukubwa nao unabadilika. Atomi ya sodiamu kwenye metali ina nusu kipenyo cha pikomita 186, na ioni yake ni 102, kwa kuwa ganda zima la nje limeondoka na zilizobaki zinavutwa zaidi. Klorini inakwenda kinyume, kutoka 99 hadi 181: elektroni imeongezeka, protoni hazijaongezeka, elektroni zinasukumana na kutanuka. Katika chembe ya chumvi, basi, klorini ndiyo jitu na sodiamu ndiyo inayojibanza katikati.

Sodiamu hulipuka majini na klorini ni sumu. Mbona chumvi tunakula?

Kwa sababu tabia za kemia hukaa kwenye elektroni za nje, na hizo ndizo zilizobadilika. Klorini iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915 ilikuwa Cl₂, gesi inayopora elektroni kutoka kwenye chochote inachogusa, mapafu yakiwemo. Cl⁻ imeshapata ilichokuwa inapora, haina tena shida na mapafu yako. Sodiamu ya metali inaachilia elektroni kwa maji kwa fujo. Na⁺ haina tena ya kuachilia kwa bei nafuu.

Kuhusu huo mlipuko kuna jambo zuri lililopatikana siku za karibuni. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba sababu ni haidrojeni inayotoka na kuwaka. Mwaka 2015 kikundi cha Pavel Jungwirth kule Prague kilipiga picha za kasi kubwa za matone ya aloi ya sodiamu na potasiamu yakidondoka majini. Kabla ya milisekunde moja kwisha, tone lilichomoza miiba pande zote. Elektroni zilikuwa zimekimbilia majini kwa kasi kiasi kwamba uso wa metali ulibaki umejaa ioni chanya, zikasukumana, na tone likajirarua lenyewe. Metali mpya ikakutana na maji mapya, na mlipuko ukajilisha. Ioni zilianza, haidrojeni ikafuata.

Chumvi ikiyeyuka majini, ioni zinatokea wapi?

Hazitokei, zilikuwepo tangu kwenye chembe kavu. Maji yanazizunguka na kuzitenganisha tu. Molekuli ya maji ina upande wenye hasi kidogo, wa oksijeni, na upande wenye chanya kidogo, wa haidrojeni. Upande wa oksijeni unaielekea Na⁺, wa haidrojeni unaielekea Cl⁻, na kila ioni inaondoka na msafara wake.

Ndiyo maana chumvi kavu haipitishi umeme na maji ya chumvi yanapitisha. Chembe kavu ina ioni nyingi ila zimefungwa mahali pake. Kitu cha kupitisha umeme ni chaji inayoweza kutembea.

Wazo hili halikukubaliwa kirahisi. Msweden Svante Arrhenius aliwasilisha tasnifu yake Uppsala mwaka 1884 akieleza kwamba chumvi huachana majini kuwa chembe zenye chaji, na baadaye akasisitiza kuwa ziko huru hata kabla ya kuunganishwa waya wowote. Watahini walimpa alama ya chini. Ilikuwa vigumu kuwalaumu: elektroni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa, J. J. Thomson aliionyesha mwaka 1897. Nobeli ya Arrhenius ilikuja mwaka 1903, na sababu iliyotajwa ilikuwa nadharia hiyohiyo.

Ukitaka kuona ioni zikifanya kazi ya maana majini, soma pakiti ya ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha, kutoka duka la dawa. Kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, lita moja ina gramu 2.6 za chumvi, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu. Ukizihesabu kwa ioni, lita hiyo ina milimoli 75 za Na⁺, 65 za Cl⁻, 20 za K⁺ na 10 za sitrati. Sukari haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango unaopitisha Na⁺ ikiwa imeongozana na glukosi, na mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtoto akiwa anaharisha vibaya. Ioni zikiingia, maji yanafuata. Ndiyo sababu maji matupu hayafiki pale ORS inapofika, na ndiyo sababu kuchanganya pakiti ya lita moja kwenye nusu lita ni hatari: umezidisha ioni maradufu, na maji yanaweza kuvutwa kwenda upande usiotakiwa.

Chumvi ikimwagikia moto wa gesi, moto unakuwa wa njano. Hizo ni ioni zinazowaka?

Wengi hudhani hivyo. Kwenye joto la moto ule, chumvi inakuwa mvuke, na baadhi ya sodiamu inajipatia tena elektroni na kuwa atomi kamili. Elektroni hiyo ya nje inarushwa juu na joto, ikishuka inatoa mwanga wa njano wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 589. Na⁺ yenyewe haina elektroni iliyolegea kiasi cha kutoa mwanga unaoonekana namna hiyo. Taa za zamani za barabarani zenye mwanga wa njano zilikuwa na mvuke wa sodiamu, ni mwanga uleule.

Mbona kuna ioni zenye atomi nyingi?

Kwa sababu kundi la atomi zilizoshikana kwa kushirikiana elektroni linaweza, kama kundi, kuwa na elektroni za ziada au pungufu. Kaboneti ni CO₃²⁻, salfeti SO₄²⁻, naitreti NO₃⁻, na amoniamu, yaani amonia iliyoongezewa ioni ya haidrojeni, ni NH₄⁺. Zinasafiri kama kitu kimoja.

Kaboneti unaijua kutoka jikoni. Magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu uliokauka na jua, na Ziwa Natron upande wa Tanzania lina maji ya aina hiyohiyo. Ukitia magadi kwenye maharage yanaiva upesi kwa sababu mbili: maji yanakuwa ya alikali, na ioni za sodiamu zinachukua nafasi za ioni za kalsiamu zilizokuwa zikigandisha kuta za seli za maharage. Kalsiamu ina chaji mbili na hushika pande mbili kama pini, sodiamu ina moja na haiwezi. Ukizidisha, maharage yanakuwa rojo na ladha ya sabuni.

Mkulima anayetumia mbolea ya CAN naye anatia shambani ioni kadhaa kwa mpigo, zikiwemo kalsiamu, amoniamu na naitreti. Udongo wa mfinyanzi na mboji una chaji hasi, kwa hiyo unaishika NH₄⁺ na kuiachia NO₃⁻. Mvua kubwa ikinyesha siku ya pili baada ya kuweka mbolea, inayokwenda na maji ni naitreti.

Mabati na kutu vinahusiana vipi na haya?

Kutu ni chuma kilichopoteza elektroni. Fe inakuwa Fe²⁺, elektroni zinachukuliwa na oksijeni palipo na unyevu, kisha Fe²⁺ inapoteza moja zaidi kuwa Fe³⁺, na ule unga mwekundu ni oksidi ya Fe³⁺ yenye maji. Bati la kuezekea hupakwa zinki kwa sababu zinki huachia elektroni kwa urahisi kuliko chuma. Ukikwaruza bati hadi chuma kikaonekana, zinki iliyo jirani inaendelea kujitoa yenyewe kuwa Zn²⁺ na chuma kinasalimika, hadi zinki iishe. Rangi haiwezi kufanya hivyo, ikikwaruzika imekwaruzika.

Nyumba za karibu na bahari, Tanga au Mombasa, mabati yake huchakaa upesi. Upepo unaleta matone yenye Na⁺ na Cl⁻, maji juu ya bati yanapitisha umeme vizuri zaidi, na uhamaji wa elektroni unakwenda mbio.

Betri ya simu inaitwa ya ioni za lithi. Kuna ioni ndani kweli?

Zipo, Li⁺, na ndizo zinazotembea. Lithi ni 2:1, nyepesi kuliko metali zote, na huachia elektroni yake kwa urahisi. Simu ikitumika, Li⁺ zinatoka kwenye grafiti na kupita ndani ya betri kwenda upande wa oksidi ya kobalti au ya metali nyingine, na elektroni zinapita njia ya nje, kwenye saketi ya simu. Ukichaji unazirudisha zote. Betri za namna hii ziliingia sokoni mwaka 1991, na Nobeli ya mwaka 2019 ilikwenda kwa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino.

Meno ya kahawia ya watu wa Arusha ni ya ioni?

Ni ya floridi, F⁻. Florini ni elementi kali kuliko zote katika kupora elektroni, na ikishaipata inatulia. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na ya mlima Meru ina floridi, maji ya chini ya ardhi yanaiyeyusha, na watu wanaichota kisimani. Ngao ya jino imejengwa kwa kalsiamu, fosfeti na haidroksidi, OH⁻. F⁻ ina chaji sawa na OH⁻ na ukubwa unaokaribiana, hivyo inaingia mahali pake. Kidogo huliimarisha jino. Ikizidi, wakati meno ya mtoto yanajengeka chini ya fizi, ngao inatoka na mabaka, na ikizidi sana hata mifupa inaathirika. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanaondoka kama mvuke, floridi inabaki, na sufuria inakuwa na maji yenye floridi nyingi zaidi kuliko mwanzo. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, linalotumika Arusha: mifupa ina madini yaleyale ya jino, kwa hiyo F⁻ inaingia kwenye mkaa badala ya kinywani.

Mtihani ukiuliza kwa nini sodiamu hutengeneza Na⁺ na si Na²⁺, niandike nini?

Anza na mpangilio 2:8:1. Sema elektroni ya nje iko mbali na kiini na imekingwa na kumi za ndani, kwa hiyo nishati ya kuiondoa ni ndogo. Sema elektroni ya pili iko ganda la ndani, na nishati yake ni zaidi ya mara tisa, na hakuna fuwele ya kawaida itakayoweza kuilipia. Ukipenda malizia kwamba Na⁺ ina mpangilio wa neoni. Msahihishaji huenda anatafuta sentensi hiyo ya mwisho tu, na alama ni alama, ila usiiandike peke yake. Neno "inataka" liache nje.

Niandike Mg²⁺ au Mg⁺²?

Kwa chaji ya ioni, namba hutangulia kisha alama: Mg²⁺, O²⁻. Ikiwa ni moja, namba haiandikwi: Na⁺. Alama ikitangulia namba, yaani +2, hiyo ni namba ya uoksidishaji. Msahihishaji mkali atakukata.